Umepitia jambo zito na mwili bado unashtuka? Tupeane njia za kuanzia

#1 Mtembea Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa abiria kwenye gari lililogongwa ubavuni na lori. Mtu niliyekaa naye siti moja hakutoka. Mimi nilitoka na nyuzi saba juu ya jicho, na kila aliyekuja kuniona alisema lilelile: mshukuru Mungu, umepona. Kidonda kilifunga ndani ya wiki mbili. Ila tangu hapo breki ikilia tu barabarani viganja vinalowa jasho na moyo unakwenda mbio, na mimi niko zangu sebuleni nimekaa. Usiku nikawa naamka saa tisa, macho makavu mpaka alfajiri. Mtoto akidondosha sufuria namfokea mpaka anatetemeka, kisha naenda kujifungia chooni kwa aibu.

Mwaka mzima nilijihesabu mwoga. Najua humu wapo wengi wanaojihesabu hivyo, iwe ni kwa ajali, msiba, kubakwa, kuvamiwa au ndoa iliyokuwa vita. Nataka tuongee vitu vya kufanya, maana "muda utaponya" nimeambiwa hadi basi.

Kwanza kilichonifungua macho. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kidogo chenye umbo la lozi, kinaitwa amigdala. Hicho ndicho king'ora cha mwili. Kikihisi hatari, hata kabla akili haijajua ni nini, homoni ya adrenalini inamwagwa kwenye damu, moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, tumbo linapunguza kazi, na homoni nyingine, kortisoli, inafuata nyuma kuuweka mwili macho. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliielezea hali hii mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Penye hatari ya kweli hiyo ni neema. Kwenye kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya jambo zito, king'ora kimeshajifunza kwamba breki ni kifo, na hakina habari kwamba tukio lilikwisha mwaka juzi. Ndiyo maana "sahau, songa mbele" haiingii. Maneno yale yanaelekezwa kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo, na hiyo ndiyo inayozidiwa nguvu king'ora kikilia.

Kosa langu lilikuwa kudhani kupona kunaanza kwa kusimulia. Nikasimulia kwa ndugu, kwa majirani, kwa yeyote aliyeuliza. Kila nikisimulia, usiku wake silali. Mshauri nasaha niliyempata baadaye alinizuia: "Kisa chako tutakifikia. Kwanza mwili wako ujue umeshafika nyumbani." Miezi miwili ya mwanzo hakuniuliza hata lori lilikuwa la rangi gani.

Tukaanza na pumzi. Unavuta kwa puani ukihesabu hadi nne, unatoa polepole ukihesabu hadi sita au nane. Siri iko kwenye kutoa: ukitoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kidogo, ukivuta huongezeka, kwa hiyo ukirefusha kutoa unaukanyagia moyo breki (ndiyo, nimeliona hilo neno). Alinitaka nifanye dakika tano asubuhi na tano jioni, nikiwa nimetulia. Mimi nilikuwa nasubiri mpaka nipandwe na hofu ndipo nijaribu, sawa na mtu anayejifunza kuogelea siku ya mafuriko.

Halafu akanifundisha kujirudisha kwenye saa iliyopo. Taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Mimi nilikifupisha, nikawa nasema kwa sauti: "Leo Jumanne. Niko sebuleni. Hiyo breki ni ya jirani." Mke wangu alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili akawa ananisaidia kutaja siku.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa gari. Nilikuwa nimeacha kabisa kupanda. Kukwepa kunaleta nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoinenepesha hofu, kwa sababu king'ora kinajiandikia: tumekwepa, tukapona, basi kweli palikuwa na hatari. Tukatengeneza ngazi. Kipandio cha kwanza: kukaa kwenye gari lililozimwa, mlango wazi, mpaka hofu ianze kushuka yenyewe. Masharti ni kutoshuka hofu ikiwa kileleni, maana ukikimbia hapo umekifundisha king'ora vibaya zaidi. Kisha injini ikiwa imewashwa. Kisha mtaa mmoja na kurudi. Siku ya mtaa mmoja nilitapika, sitawadanganya. Wiki tisa kufika barabara kuu.

Usingizi nitausema kwa kifupi: kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbovu, na kahawa mwisho mchana, kwa kuwa kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini. Kama nimelala macho wazi kwa muda mrefu nainuka, nakaa chumba kingine taa hafifu, narudi nikisinzia.

Nawasilisha. Wengine mlianzia wapi?

#2 Bin Adamu

Mkuu pole sana na ajali. Ila tusidanganyane. Wazee wetu walipita vita na njaa, hawakuhesabu pumzi wala kutaja vitu vitano. Walijikaza, wakaishi. Kizazi hiki kila kitu kiwewe. Bosi akikuangalia vibaya, kiwewe.

#3 Nesi Mstaafu

Bin Adamu, umesema nusu ya kweli, na hiyo nusu naichukua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 70 ya watu hupitia angalau tukio moja la kutisha maishani, lakini waliowahi kupata ule ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe, PTSD, ni asilimia 3.9 tu ya watu wote duniani. Wengi hupona wakiwa na watu wao, bila daktari. Kushtuka, kuota, kulia na kukosa hamu ya kula katika wiki za mwanzo ni mwili ukifanya kazi yake. Ndiyo maana madaktari wengi husubiri dalili zipite mwezi mmoja kabla ya kuupa ugonjwa huo jina. Na ni kweli neno kiwewe linatumika ovyo. Bosi mkali anakupa msongo, na msongo una dawa zake: mapumziko, kusema hapana, kuhama kazi ikibidi.

Sasa nusu uliyokosea. Hao waliojikaza, tunajua walivyoishi? Katika Vita Kuu ya Kwanza kuna askari waliotetemeka bila kukoma, wengine wakawa mabubu, wengine wakapoteza uoni na macho hayana jeraha. Daktari Charles Myers aliandika habari zao kwenye jarida la The Lancet mwaka 1915. Kuna walioitwa waoga wakapigwa risasi na majeshi yao wenyewe. Uingereza ilikuja kuwasamehe rasmi 306 waliouawa kwa makosa kama kutoroka na woga, mwaka 2006, wakati huo wakiwa kaburini. Na ugonjwa wenyewe uliingia rasmi kwenye orodha ya madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Hapo katikati watu waliambiwa wajikaze. Waulize watoto wao usiku ulikuwaje nyumbani.

Mleta uzi, hilo la kutoanza na kisa nalitilia mkazo. Kuna kipindi ilikuwa mtindo kumkalisha mtu siku chache baada ya tukio na kumtaka amwage kila kitu kwa kikao kimoja. Tafiti zilipokusanywa, vikao hivyo havikuzuia PTSD, na kwenye baadhi ya tafiti waliokalishwa walikuwa na hali mbaya kuliko walioachwa. Sasa haishauriwi. Kinachoshauriwa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: angalia, sikiliza, unganisha. Yaani angalia nani yuko hatarini na anahitaji nini, maji, blanketi, mahali pa kulala. Akitaka kusema, msikilize bila kumchokonoa. Hataki, kaa naye. Kisha muunganishe na ndugu zake na huduma.

Na jamani, msigawane vidonge. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu zisitolewe kwa dalili za mwezi wa kwanza baada ya tukio. Shangazi ana kidonge kilichobaki kabatini, anaona anasaidia. Hapana.

#4 Jani Kavu

Nimesoma yote. Mimi sina ajali. Nina miaka kumi ya kuishi na mtu ambaye nilikuwa nasikiliza funguo zake mlangoni ili nijue usiku utakuwaje. Funguo zikiingia taratibu, nafuu. Zikigongwa, natafuta watoto walipo. Nimeshatoka, nakaa kwa dada mwaka wa pili huu. Dada akirudi kazini na kufungua mlango, mimi naganda. Siwezi hata kunyanyua mkono.

Nilijaribu hizo pumzi. Nikifumba macho nikasikiliza kifua, hofu inapanda badala ya kushuka. Sasa sijui, au mimi nimeharibika zaidi.

#5 Nesi Mstaafu

Mwanangu, hujaharibika. Kuganda ni mojawapo ya njia za mwili kujilinda pale ambapo kupigana kunakuumiza zaidi na kukimbia hakuwezekani. Wanyama hufanya hivyo, binadamu hufanya hivyo. Usijilaumu hata kwa sekunde moja kwamba hukunyanyua mkono.

Kuhusu pumzi, hilo hutokea, hasa kwa mtu ambaye mwili wake wenyewe umekuwa mahali pa maumivu. Acha pumzi. Macho yawe wazi. Simama, sukuma ukuta kwa viganja viwili kama unataka kuuhamisha, uhisi miguu inavyokanyaga sakafu. Au mikono kwenye maji baridi. Au tembea ukihesabu hatua. Lengo ni lilelile, mwili upate habari za sasa, mlango tu tofauti.

Kiwewe cha miaka, kinachojirudia ndani ya nyumba, kinatambuliwa peke yake. Uainishaji wa magonjwa wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2022 umekitenga na PTSD ya kawaida, kwa sababu kinagusa pia namna mtu anavyojiona na anavyoamini watu. Kinahitaji muda mrefu zaidi na mtaalamu mvumilivu.

Swali moja, usinijibu hapa hadharani: huyo mtu bado anaweza kukufikia? Kama anaweza, king'ora chako hakijaharibika, kinasema ukweli. Hapo kazi ya kwanza ni usalama: nani ana funguo, nani anajua unapoishi, utakwenda wapi usiku ukibidi kuondoka. Mazoezi ya kutuliza mwili yaje baada ya hayo.

#6 Jani Kavu

Yuko nchi nyingine. Hana namba yangu.

Mara ya kwanza mtu ananiambia kuganda si ujinga. Asante mama.

#7 Kalamu Butu

Mimi nilipona kwa kuandika, ngoja nieleze maana nikisema hivyo watu wanadhani nilinunua daftari zuri. Mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio mwaka 1986: wanafunzi waliandika dakika kumi na tano kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote, wakichanganya tukio na walivyojisikia. Wakimaliza tu kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida.

Nikafanya hivyohivyo baada ya msiba wa mdogo wangu. Siku ya pili nilitaka kuacha. Siku ya nne nikaona nimeandika "kwa sababu" mara nyingi, siku ya kwanza yalikuwa matusi matupu. Karatasi nilizichoma. Tahadhari: mdogo wangu alikuwa na miezi minane kaburini nilipoanza. Ningeandika wiki ya mazishi, ningezama. Na kama kalamu inakupeleka mahali usipoweza kurudi, iweke chini, andika orodha ya kazi za kesho.

#8 Mlinzi wa Zamu

Wakuu, ndoto je? Tulivamiwa kazini. Kila usiku mlango unavunjwa, wanaingia. Nimekuwa naogopa kitanda.

#9 Nesi Mstaafu

Ndoto ina zoezi lake, na linafanyika mchana. Iandike ndoto kama ilivyo, kwa kifupi. Kisha ibadilishe popote unapotaka, si lazima iwe ya kweli wala ya kishujaa. Hiyo mpya ndiyo unayoipitia akilini dakika kumi hadi ishirini kila siku. Ile ya zamani usiirudie. Mwaka 2001 lilichapishwa jaribio la Barry Krakow na wenzake kwa wanawake waliowahi kushambuliwa kingono, na jinamizi lilipungua sana kwa waliojifunza zoezi hili. Kama una ndoto kadhaa, anza na iliyo nyepesi.

#10 Mlinzi wa Zamu

Niibadilishe vipi? Mlango ukifunguka, aingie nani?

#11 Mtembea Usiku

Yeyote unayemtaka, mkuu. Ndoto ni yako.

#12 Upole Wangu

Nyote mmesahau msamaha. Usiposamehe hutapona. Mwenye kuumizwa asamehe, mzigo unaondoka siku hiyohiyo.

#13 Jani Kavu

Nilisamehe mara kumi na moja. Kila nikisamehe nilirudi.

#14 Mtembea Usiku

Upole Wangu, sina ugomvi na msamaha, na sala imenisaidia mno. Lakini kumpa mtu msamaha kama sharti la kupona ni kumwongezea deni aliyeibiwa. Dereva wa lori mimi nilimsamehe hospitalini, siku ya tatu. Mikono iliendelea kutoa jasho miaka miwili.

#15 Bin Adamu

Nesi, swali tu. Kuna jamaa yangu anakunywa kidogo ili alale. Ana shida?

#16 Nesi Mstaafu

Pombe itamlaza haraka, kisha itauvuruga usingizi wake sehemu ya pili ya usiku. Atashtuka alfajiri, moyo unapiga, kesho atahitaji kidogo zaidi. Mwambie aanze kwa kuandika anakunywa siku ngapi kwa wiki. Kama ni kila siku na kwa wingi, asikate ghafla peke yake, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Aende kwa daktari, aseme kiasi cha kweli.

Na kwa kuwa umeuliza kwa niaba ya jamaa, niseme na hili kwa niaba ya wote. Zikipita wiki nne na bado mtu hafanyi kazi, halali, anakwepa nusu ya maisha yake, amtafute mtaalamu. Zipo tiba mbili ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza: tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, ambapo kisa sasa kinasimuliwa polepole na kwa mpango, na EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya themanini, ambapo unakumbuka tukio huku macho yakifuata mwendo wa mkono wa mtaalamu. Mara nyingi ni vikao vya kuhesabika, si vya maisha. Muulize mtaalamu kabla hujaanza: umewahi kutibu kiwewe, kwa njia gani, na nikizidiwa katikati ya kikao utafanya nini? Akikasirika kuulizwa, tafuta mwingine. Dawa za sonona kama setralini zipo pia, zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, watu wengi huziacha wiki ya pili na kusema hazifai.

Lakini mtu akianza kuwaza kujiua, hizo wiki nne hazipo. Leo hii. Asibaki peke yake, vidonge na vitu vya hatari viondolewe karibu yake, apelekwe hospitali yoyote iliyo wazi. Na muulize kwa neno lenyewe, "unawaza kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi huanza kulia kwa sababu hatimaye kuna aliyeuliza.

#17 Mlinzi wa Zamu

Mrejesho. Mlango unavunjwa kama kawaida, ila anayeingia ni marehemu baba, kashika tochi, ananiuliza mbona nimekaa gizani. Nimeipitia mchana siku kumi na mbili. Ile ya zamani imekuja mara mbili tu, na mara ya pili niliamka kabla hawajaingia. Bado nalala taa ikiwaka.

#18 Mtembea Usiku

Acha taa iwake, mkuu. Mimi yangu nilizima mwaka wa pili.

#19 Jani Kavu

Nilipotea kidogo, samahani. Nimeanza kwenda kwa mshauri, vikao vitatu sasa. Nilimuuliza yale maswali ya mama, hakukasirika.

Nimekuwa nikisukuma ukuta kila jioni kabla dada hajarudi. Watoto wakaona ni mchezo, tunasukuma wote. Pia tulikubaliana na dada awe ananiita jina langu akiwa bado nje, ndipo aingize funguo.

Jana alisahau kuita. Nilikuwa naosha vyombo, funguo zikalia. Nilishtuka, nikatazama mikono yangu ndani ya maji, nikaendelea kuosha. Nilikuwa nimefika sahani ya tatu ndipo nikagundua mikono ilikuwa haijasimama.

#20 Bin Adamu

Nesi, nimekuandikia faragha. Ukipata nafasi.